Huyu mwizi wa Kijapani, polisi walishindwa nini kumdaka?

Mtoto_wa_Rangi3:
Wakuu habari za usiku. Hapa kibanda umiza Mbagala tumewekewa siriz ya Kijapani iliyotiwa sauti na didjei, mpelelezi anamfukuza mwizi juu ya mapaa hadi asubuhi na hamkamati, tulipotoka ukazuka ubishi mzito, mmoja anasema enzi za masamurai hakukuwa na upelelezi wowote ni mapanga tu, mwingine anakomaa kwamba huyo mwizi, Nezumi Kozo, alikuwepo kweli. Anayejua atupe, tumewekeana soda.

Kipanga Ilala:
Alikuwepo mkuu. Jina lake Jirokichi, aliiba Edo ambayo ndo Tokyo ya leo, wakamkata kichwa 1832. Kuruka ukuta wengi walikuwa wanaweza, akili yake ilikuwa kwenye kuchagua pa kuiba, maana alikuwa anaingia kwenye majumba ya madaimyo, wale mabwana wenye majimbo yao, na askari wa mji mle walikuwa hawana ruhusa ya kukanyaga. Mpelelezi unabaki nje na kirungu chako cha chuma, jitte, unamsikilizia. Na daimyo mwenyewe kuripoti anaona aibu, ana walinzi kibao halafu kaingiliwa na mtu mmoja, ataanzia wapi?

BintiUpanga:
Na upelelezi ulikuwepo jamani. Edo ilikuwa na watu kama milioni moja ila maafisa wa doria wachache mno, ndo kila mmoja akawa na vijana wake wa mtaani, okappiki, wengi wao wezi wa zamani wanaojua vijiwe vyote, serikali haiwalipi, afisa anawalipa kutoka mfukoni kwake. Sasa mtu wa hivyo atakosa kula rushwa? Serikali iliwapiga marufuku zaidi ya mara moja na bado wakaendelea kutumika, bila wao hakamatwi mtu.

Mtoto_wa_Rangi3:
Shukrani sana. Didjei anasema alikuwa anagawia maskini, kweli hiyo?

Kipanga Ilala:
Chai hiyo. Alishawahi kukamatwa kabla, wakamchora tatuu ya mwizi mkononi na kumfukuza mji, akarudi kule kule. Safari ya mwisho kadakwa ndani ya jumba la daimyo, hela hana, mtaani wakajazia kwamba kawapa maskini. Yeye mwenyewe alikiri zimeishia kwenye kamari, pombe na wanawake.

BintiUpanga:
Na kaburi lake lipo mpaka leo, hekalu la Ekoin pale Ryogoku. Wanafunzi wakikaribia mtihani wanaenda kukwangua jiwe wabebe unga wake kama hirizi. Wajapani nao bwana, bahati ya mtihani unaiomba kwa mtu aliyekamatwa mara mbili 😂