Naomba ushauri: Meli tuliyoikamata kwa amri ya mahakama, nikubali iachiwe kwa barua ya P&I?

Wakuu habarini, naombeni mawazo kwa wenye uzoefu na kesi za meli. Kuna meli tuliiuzia mafuta, hela haikuja, tukaenda mahakamani ikatoka amri ikamatwe na sasa imetia nanga haiendi popote. Mwenye meli ambaye simu alikuwa hapokei ghafla kawa mpole, wakili wake anataka tupokee barua ya dhamana ya klabu ya bima ya P&I (chama cha wenye meli kinachowabimia madai ya watu wengine) ili meli iondoke, kesi itaendelea mbele kwa mbele.

Mi nataka dhamana ya benki au hela iwekwe mahakamani kabisa. Najua barua za klabu kubwa zinakubalika sana, lakini P&I kwa kawaida wanakava vitu kama mizigo kuharibika au mabaharia kuumia, deni la mafuta sio lao, sasa klabu inasimamaje hapo?? Au mwenye meli kawawekea kitu pembeni?

Halafu upande wa mwenye meli wanadai mafuta aliagiza aliyekodi meli so wao hawahusiki.

Kinachonitia presha ni kwamba nikikaza sana meli ikaishia kupigwa mnada, mishahara ya mabaharia inalipwa kabla yetu, na sijui tutabakiwa na nini. Barua ikipokelewa iandikweje ili ibebe riba na gharama za kesi, na wasije kuikataa hukumu ikishatoka? Aliyepitia hii anisaidie, wanataka jibu haraka.