Tupeane uzoefu: majibu ya kipimo cha aleji kwa mtoto mwenye pumu ya ngozi, wewe uliyafanyia nini?

Mama Nkuhungu
Habarini za jioni wapendwa. Nina binti wa mwaka mmoja na nusu, ana pumu ya ngozi tangu mchanga. Ilianzia mashavuni, sasa iko kwenye mikunjo ya viwiko na nyuma ya magoti, na kipupwe hiki cha Dodoma na upepo wake ndiyo kimemmaliza. Anajikuna usiku hadi shuka linapata madoa ya damu. Tukaambiwa tupime aleji kwa damu. Majibu yametoka: karanga 5.6, yai 2.1, ngano 1.4, maziwa 0.9, vumbi la nyumbani 18, halafu chini kabisa IgE ya jumla (kingamwili zote za aleji kwenye damu kwa pamoja) iko juu mno. Kijana wa maabara akachukua kalamu nyekundu, akazungushia vyote, akasema "hivi asiguse".

Sasa huyu mtoto anakunywa uji wa lishe wenye karanga kila asubuhi tangu aanze kula. Maziwa anakunywa, chapati anakula. Sijawahi kuona anavimba wala kutapika. Yai tu ndiyo hajaonjeshwa. Nikiondoa vyote atabaki na ugali wa mtama na mlenda? Mama mkwe kafurahi, anasema ndicho walicholelewa wao. Mliowahi kushika karatasi kama hii, mlifanyaje, na mtoto alikuwaje baadaye? Naomba visa vyenu hasa. Miadi ya daktari ninayo tayari.

Baba Kulwa na Doto
Pole sana dada. Mimi niko Kondoa, nina mapacha wa kike, wote wana pumu ya ngozi. Doto alipoonjeshwa yai mara ya kwanza, hata sahani haijaondolewa, midomo ikavimba, vipele vikubwa vikamtoka mwili mzima, akatapika. Kulwa alikula yai hilo hilo akaomba lingine. Tulipowapima, mwenye namba kubwa ya yai akawa Kulwa! Namba ya Doto ilikuwa ndogo. Nikamuuliza daktari kama maabara wamechanganya chupa. Akasema hapana, namba inaonyesha damu ya mtoto imelitambua yai kwa kiasi gani, haionyeshi akila atapatwa na nini. Kwa hiyo Kulwa anakula mayai mpaka leo, na Doto hagusi, hata keki za sherehe tunauliza kwanza.

Shangazi wa Singida
Sisi tuliifuata hiyo kalamu nyekundu. Ni mtoto wa mdogo wangu, naishi naye hapa mjini. Maziwa, mayai, ngano, karanga, samaki, vyote vikasimama. Soya nayo ilikuwemo, kwa hiyo hata unga wa lishe wa dukani ukawa haufai. Mama, ngozi ilibaki vile vile! Kilichobadilika ni kadi ya kliniki. Mstari wa uzito ukalala, kisha ukaanza kushuka, nywele zikawa nyepesi na rangi ikapauka. Zahanati wakatuuliza kwa upole kama nyumbani kuna shida ya chakula. Na sisi tuna kuku na ng'ombe wa maziwa bandani!

Daktari wa watoto tuliyepelekwa kwake hakuanza na karatasi. Alianza na maswali: kabla hamjapima alikuwa anakula nini, kilimfanya nini, baada ya dakika ngapi, na ilijirudia? Sisi majibu yetu yote yalikuwa "hakikumfanya kitu". Vingi akaturuhusu kurudisha nyumbani, kimoja kimoja. Maziwa akataka yarudi hospitalini mbele yao, kijiko kidogo kwanza, wanasubiri, kisha kingine, kwa sababu alikuwa ameyaacha muda mrefu. Alisema mtoto wa pumu ya ngozi aliyekuwa anakula kitu vizuri, ukikiondoa kwa miezi halafu ukakirudisha ghafla, mwili unaweza kukipokea kwa ukali ambao haukuwepo mwanzo. Hilo hakuna aliyetuambia siku ya kalamu.

Kijana wa Area C
Ninyi angalau mlitolewa damu. Mimi nilimpeleka mwanangu kwa wale wa mashine ya kushika chuma. Anashika fimbo dakika moja, kompyuta inatema kurasa: aleji ya samaki, nyanya, kitunguu, ini limechoka, macho yana upungufu wa sijui nini. Mtoto ana miaka mitatu! Na dawa za kutibu vyote hivyo zipo pale pale kwenye kabati nyuma yake, bei ya mbuzi wawili. Nilitoka na karatasi tu, nikaenda kunywa soda.

Muuguzi Kanda ya Kati
Kijana umenichekesha, lakini umesema kweli. Hiyo fimbo haipimi aleji. Nywele nazo hazipimi. Na kipimo cha damu cha IgG ya vyakula kisiwababaishe, maana IgG ni kingamwili ya aina nyingine, inaonyesha tu kwamba mtu amekula hicho chakula. Vinavyotumika ni viwili: IgE ya kitu kimoja kimoja kwenye damu, na kile cha ngozi, matone ya vitu vinavyoshukiwa yanawekwa mkononi au mgongoni, ngozi inachomwa juu juu, wanasubiri kama dakika 15 au 20.

Mama Nkuhungu, nikupe maana ya namba zako kwa desturi ya maabara nyingi. Chanya inaanzia 0.35. Kutoka hapo wanapanga madaraja mpaka la 6, ambalo ni zaidi ya 100. Maziwa, ngano na yai lako ni daraja la 2, karanga la 3, vumbi la 4. Wazazi wakisikia "la 4" wanafikiri ni kama saratani, kwamba ugonjwa umesambaa. Sivyo. Namba ikipanda, uwezekano kwamba aleji ni ya kweli unapanda. Ukali wa aleji haumo humo, kama Baba Kulwa alivyoona.

Na watoto wa pumu ya ngozi ndio hasa wanaotoa chanya nyingi zisizo na ugonjwa. Ngozi yao imepasuka, haizuii vitu kupenya. Unga wa karanga ulioko mikononi mwa mama au kwenye mkeka unaingia kupitia ngozi, kinga inaandika kumbukumbu. Ndiyo maana madaktari wa aleji hawapendi kupima orodha ndefu. Wanapima kile ambacho historia imekitilia shaka. Hasi ndiyo ya kuaminika zaidi, kwa aleji ya kuvimba papo hapo.

Mama Nkuhungu
Asante sana dada muuguzi. Na hiyo IgE ya jumla? Ndiyo iliyonitisha kuliko zote.

Muuguzi Kanda ya Kati
Hiyo usiipe usingizi wako. Pumu ya ngozi yenyewe inaipandisha. Minyoo pia inaipandisha, na huku kwetu hilo si jambo la mbali. Kichocho nacho. Ghana waliwahi kupima watoto wa shule, baadhi yao damu zikaonyesha chanya ya karanga huku wengi wao wanakula karanga bila tatizo, na waliokuwa na kichocho ndio waliokuwa na namba za juu. Kwa hiyo karatasi iliyosomwa kwa vipimo vya Ulaya inahitaji mtu anayejua mtoto anaishi wapi.

Halafu hiyo ya 18. Kinachopimwa hapo ni kidudu kisichoonekana kwa macho, kinaishi kwenye magodoro na mito na kinapenda unyevu. Vumbi la barabara ya Nkuhungu linaweza kumwasha mtoto kwa kukausha na kukwaruza ngozi, lakini hilo ni jambo jingine. Usianze kufunga madirisha. Fua shuka kwa maji ya moto, inatosha kwa sasa.

Mama wa Mpwapwa
Mimi nawaletea upande wa pili ili watu wasije wakadharau karatasi zote. Wangu wa kwanza ana aleji ya karanga ya kweli. Alilamba kijiko cha kashata, sauti ikakauka, akaanza kukohoa na kuvuta pumzi kwa shida. Jirani ana bodaboda, ndiye aliyetuokoa. Kituoni wakamchoma sindano pajani, akarudi. Kipimo cha damu kilikuja baadaye, kikakubaliana na tulichokiona. Huyo hatuna mjadala naye, nyumba nzima haina karanga, na uji wake nasaga mwenyewe mtama na ulezi kwa sababu mashine ya mtaani inasagia karanga za watu wote.

Wa pili alipozaliwa, naye akaanza pumu ya ngozi, mimi nikawa nataka nimnyime karanga mpaka akue. Daktari akakataa.

Muuguzi Kanda ya Kati
Alikuwa sahihi, na hiyo sindano ilikuwa adrenalini. Mtoto akikaukiwa sauti, akivuta pumzi kwa shida, akitapika mfululizo au akilegea baada ya kula, dawa ni hiyo. Piriton, ile dawa ya kawaida ya aleji, haiokoi hapo.

Kuhusu wa pili: London walichukua watoto 640 wa miezi 4 hadi 11 wenye pumu ya ngozi kali au aleji ya yai. Nusu wakalishwa karanga mara kwa mara, nusu wakanyimwa mpaka miaka 5. Majibu yalitoka 2015: waliolishwa walipata aleji ya karanga wachache mno kulinganisha na walionyimwa. Ila walipimwa ngozi kwanza, na waliovimba sana hawakuingizwa. Kwa hiyo mwenye ndugu kama wa kwako apimwe kwanza. Na iwe karanga iliyosagwa ndani ya uji. Punje nzima inampalia mtoto mdogo.

Shangazi wa Singida
Lakini dada, si kuna watoto ambao chakula kweli kinawachochea ngozi polepole, bila kuvimba?

Muuguzi Kanda ya Kati
Wapo, hasa wadogo sana wenye ugonjwa mkali usiotulia hata kwa krimu inayopakwa vizuri. Hao karatasi haiwasaidii, kwa sababu IgE haionyeshi hiyo ya polepole. Daktari anaondoa chakula kimoja kwa wiki 2 hadi 4, kisha anakirudisha makusudi. Ngozi isipotofautiana, chakula hakina kosa. Hatua ya kukirudisha ndiyo watu wanairuka.

Mama Nkuhungu
Nimetoka kwa daktari jana, nawaletea mrejesho. Karatasi aliiangalia mwishoni kabisa. Karanga, maziwa na ngano vinaendelea kama kawaida, amesema mtoto mwenyewe ameshajibu. Yai ataonjeshwa pale pale hospitalini. Amepewa dawa ya minyoo. Halafu muda mwingi uliobaki ulikwenda kwenye ngozi: namna ninavyompaka. Krimu ya steroidi nilikuwa napaka ka-nyembamba kwa woga na kuacha siku ngozi ikitulia kidogo. Amenionyesha kiasi, kinachotoka kwenye tyubu kuanzia ncha ya kidole cha mtu mzima hadi kiungo cha kwanza kinatosha viganja viwili vya mtu mzima. Mafuta ya mgando yasiyo na manukato mara kwa mara, hasa akitoka kuoga ngozi ikiwa bado na majimaji, na sabuni ya kufulia mwiko. Mama mkwe alikuwepo, akauliza kama mlenda unaruhusiwa. Unaruhusiwa.

Kijana wa Area C
Mimi wangu ameandikiwa kile kipimo cha kuchoma ngozi, safari hii kwa daktari kweli. Anatumia setirizini, ile dawa ya aleji, usiku. Nimpe siku hiyo asije akawashwa?

Muuguzi Kanda ya Kati
Usimpe. Ukimpa, ngozi haitavimba hata kwa kile kinachomdhuru, utarudi na hasi ya uongo. Kwa kawaida inasimamishwa kama wiki moja kabla, muulize atakayempima. Krimu ya steroidi nayo usipake pale watakapochomea. Na siku yenyewe, kwa ngozi zetu nyeusi wekundu hauonekani vizuri, kwa hiyo hakikisha wanapapasa kile kivimbe na kukipima kwa rula. Kikizidi kile cha tone la maji ya chumvi, linalowekwa kwa kulinganisha, kwa milimita 3 ndiyo wanaandika chanya.

Kijana wa Area C
Sawa. Ana vidonda kwenye mikono yote miwili lakini.

Muuguzi Kanda ya Kati
Mgongoni basi. Kama nako kumejaa, subirini ngozi itulie, au watoe damu.