Chujio la alama au kumkagua mtumaji: nianze na lipi?

Agroveti_Kondele (Kisumu)
Wadau, salaam. Duka letu lina anwani sita za barua pepe kwenye seva ya kukodi, chujio ni SpamAssassin, programu inayoipa kila barua alama za utaka; ikifika kizingiti huhesabiwa taka. Wiki jana karani alipokea ankara ya msambazaji wetu wa mbegu, ila akaunti ya benki imebadilishwa. Alikuwa amebakiza kubonyeza malipo tu. Je, nishushe kizingiti kutoka 5 hadi 3, au nikiache niweke SPF, DKIM na DMARC, yaani ukaguzi wa mtumaji?

Fundi_Milimani
Hiyo 3 usiiguse. Nilimwekea mteja mmoja, oda za wateja wake zikaanza kulala kwenye folda ya taka. Nilitukanwa hadi nikazima simu.

Alama ni pua tu, hunusa maneno na viungo. Ankara iliyoandikwa vizuri haina harufu. SPF ni orodha ya seva zinazoruhusiwa kutuma kwa kikoa fulani (jina linalofuata @), lakini hutazama anwani ya bahasha, ile Return-Path, siyo jina unaloliona wewe. DKIM ni muhuri wa kidijitali ambao seva ya mtumaji huubandika kwenye barua. DMARC ndiyo huuliza kama bahasha au muhuri vinaoana na kikoa kilicho mbele ya macho yako.

MamaBahati_Nakuru
Naongeza: usikatae barua kwa SPF peke yake. Anwani yetu ya zamani huelekeza barua kwenye Gmail, na SPF ilikuwa inaanguka kila siku, maana seva inayoelekeza haimo kwenye orodha ya mtumaji. DKIM ndiyo ilituokoa, maana muhuri husafiri na barua mradi hakuna aliyeichokonoa njiani.

Agroveti_Kondele
Nimefungua kichwa cha ile barua, yale maelezo ya kiufundi yaliyofichwa juu yake. Mstari wa matokeo ya ukaguzi, Authentication-Results, unasema spf=pass, dkim=pass, dmarc=pass, yaani imepita. Zote! Sasa hizi zina faida gani?

Fundi_Milimani
Soma kikoa herufi kwa herufi.

Agroveti_Kondele
Lo! Penye m wameweka r na n.

Fundi_Milimani
Basi tapeli amenunua kikoa chake na kukikatia karatasi zote. Ukaguzi umethibitisha barua imetoka kwa mwenye kikoa. Tabia yake haikukaguliwa. Andika kanuni: jina la msambazaji likitokea na kikoa kisicho chake, ipewe alama 5 papo hapo.

Kijana_wa_Kakamega
Na kikoa chenu wenyewe je? Anza DMARC na p=none (kutazama tu), soma ripoti zake wiki kadhaa, ndipo uende quarantine (kuweka kwenye taka), kisha reject (kukataa). Ukirukia reject, ankara zenu halali zinaweza kukataliwa. SPF isipite utafutaji 10 wa DNS, ile daftari ya mtandao yenye rekodi za vikoa. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo hudai SPF, DKIM na DMARC zote kwa wanaotuma kwa wingi. Sisi wadogo tunadaiwa angalau SPF au DKIM.

Agroveti_Kondele
Nimeacha 5, nimewasha ukaguzi, kanuni ya jina nimeiandika. Akaunti ikibadilika, karani apige namba iliyo kwenye daftari la duka, siyo iliyo kwenye barua. Ameshauliza pesa za kredo ya simu zitatoka wapi.