Wakuu, nimeharibu paneli mbili za alumini: tundu linatoka pembetatu, nakosea wapi?

Solda6040:
Habari za jioni wakuu. Naunda amplifaya ya chipu mbili za LM3886, zile za kukuza sauti. Ndani inaimba vizuri, kasheshe ni uso wake. Nimenunua bati la alumini la milimita 3 pale Gerezani, nikakata 300 kwa 90. Matundu ya taa, milimita 5, yametoka safi. Kufika la jeki ya hedifoni, biti ya milimita 10 ikarukaruka, tundu likatoka kama sambusa. Bati la pili lilinasa kwenye biti likazunguka nayo, nusura liondoke na kidole. Bado dirisha la skrini ya herufi 16 mistari 2, hilo hata sijaligusa. Nina drili ya mkono, jiriwa na tupa mbili. Nikomae, au nipeleke kwa wenye CNC, zile mashine za kukata zinazoongozwa na kompyuta?

MzeeWaTupa:
Pole mwanangu, shukuru kidole kipo. Bati ni jembamba kwa biti hiyo: ncha inatokea upande wa pili kabla mabega hayajazama, basi inakosa pa kushika na kuanza kucheza. Libane katikati ya mbao mbili, gonga alama kwa sentapanchi, kile chuma chenye ncha kali, anza na milimita 3, halafu panua kwa biti ya ngazi, ile yenye umbo la pia. Tone la mafuta ya taa kila mara, maana alumini hugandia kwenye biti. Na usishike bati kwa mkono tena!

kijana_wa_saketi:
Mkuu si utumie plastiki ya akriliki tu, uachane na mateso?

MzeeWaTupa:
Akriliki nayo hupasuka biti ikitokea upande wa pili. Mwache amalize alichoanza.

DadaVolti:
Dirisha usiliogope. Toboa matundu ya milimita 4 yakifuatana, milimita moja ndani ya mstari, ung'oe kipande cha katikati. Kisha bana bati kwenye jiriwa pamoja na chuma cha pembe kilicholala sawasawa na mstari, upige tupa hadi iguse chuma. Paka tupa chaki ya shule kwanza, la sivyo meno yatajaa alumini na kuacha mikwaruzo ambayo msasa hautaifuta leo wala kesho. Pima skrini yako mwenyewe, vipimo vya mtandaoni havifanani. Saketi iwe mbali, vumbi la alumini linapitisha umeme.

Halafu ukija kuifanyia paneli anodaizi, yaani kuikuzia ganda gumu la oksidi kwa umeme, kumbuka lile ganda halipitishi umeme. Kwaruza pale unapofunga ethi mpaka chuma king'ae. Hili watu wengi hulisahau.

fundi_CNC_Ubungo:
Ukiamua CNC, leta mchoro wenye vipimo, si picha ya simu. Uliza kama wana biti ya alumini yenye jino moja. Wenye mashine za mabango wengi wamezoea plastiki, watakuyeyushia alumini kwenye biti.

Solda6040:
Mrejesho wa Jumamosi: tundu la jeki duara kabisa, la voliumu pia. Nimetoboa na kitundu kidogo nyuma, kisichotokea mbele, cha kile kijino cha kuzuia kasha la voliumu lisizunguke pamoja na kirungu chake. Dirisha limepinda nusu milimita upande wa kulia, nitalifichia fremu ya plastiki. Mzee, mafuta ya taa yamenuka nyumba nzima, mke kanihamishia barazani. Picha nikipata bando.