Naomba ushauri: Cochem na ngome ya kale ya Burg Eltz, Ujerumani, nikiwa na mama wa miaka 68

Wakuu, habari. Mpango ni kulala Cochem usiku tatu mwishoni mwa Septemba, kamji ka mto Mosel. Kutoka uwanja wa ndege wa Frankfurt tutapitia Koblenz, kisha treni ya kufuata mto. Deutschland-Ticket, yaani tiketi ya mwezi ya usafiri wa umma, kwa upande wa treni inafaa zile za mikoa tu, ICE (treni za kasi) hapana. Tena hujirudia kila mwezi: usipoisitisha kufikia tarehe 10, unakatwa na mwezi ujao.

Kinachonitatiza ni Burg Eltz. Kutoka kituo cha Moselkern (RB, treni ya mikoa ya vituo vyote, husimama; RE, ile ya haraka zaidi, hupita moja kwa moja) ni kama saa moja na nusu kwa miguu, njia ya msituni kando ya kijito, mizizi na mawe, na kupanda kukali mwishoni. Mvua ikinyesha ni utelezi mtupu. Waliowahi kwenda na wazee: mliwezaje? Au basi la kutoka Treis-Karden ndilo la uhakika?

Pia ni msimu wa mavuno ya zabibu, vyumba Cochem hujaa. Kulala Koblenz na kwenda kwa treni, chini ya saa moja, kuna hasara gani zaidi ya kukosa jioni ya mtoni?