Wauza kamera na "mapro" wa fulu fremu, acheni kuwaumiza vijana wetu wa Malindi

Wanajukwaa, nimefungua uzi huu kwa hasira na sitaki kuificha.

Mpwa wangu hutembeza wageni wanaokuja kuangalia ndege, huku hori ya Mida na kule mto Sabaki unapoingia baharini. Alitaka kamera ya kupiga ndege, na ndivyo alivyomwambia muuzaji katika duka moja Mombasa. Ndege. Hakusema harusi. Akarudi nyumbani na fulu fremu, yaani kamera yenye sensa kubwa (kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga), ya megapikseli 24, yaani nukta za picha milioni 24, na lenzi ya milimita 24 hadi 105, na milimita zikiwa nyingi ndivyo lenzi inavyomvuta ndege karibu. Pesa ni mkopo wa chama, mdhamini ni dada yangu. Alipoulizia kamera ya kropu, yaani yenye sensa ndogo, iliyokuwa pale pale kabatini, akaambiwa hiyo ni ya wanafunzi, mtu wa kazi hununua fulu fremu, lenzi ataongeza baadaye. Baadaye lini, na kwa pesa gani? Na kabla ya kwenda dukani alishauliza mitandaoni, mkamjibu vile vile. Ndiyo, nyinyi wa humu pia.

Basi tupige hesabu, kwa sababu mnapenda kujibu kwa maneno matupu.

Kuna mdiria yule mdogo wa bluu, mwenye mdomo mwekundu, anayekaa kwenye matete ya Sabaki. Urefu wake sentimita 13 hivi. Ametua mita 20 mbele yako, ukiongeza hatua ameruka. Kwa lenzi ya milimita 105, umbo lake kwenye sensa halifiki hata milimita moja. Sensa ya mpwa wangu ina pikseli 6,000 katika upana wa milimita 36, kwa hiyo ndege mzima, tangu mdomo hadi mkia, anapata pikseli 115 hivi. Jicho halipo. Manyoya ni doa la bluu. Mgeni aliyetoka Ujerumani kumfuata ndege huyo utamwonyesha nini?

Sasa funga lenzi ya milimita 400 kwenye kropu ya megapikseli 24 hizo hizo. Sensa ina upana wa milimita 23.5, pikseli ni zile zile 6,000 zimebanana humo. Mdiria yule yule, mita 20 zile zile, anapata pikseli zaidi ya 650. Hapo unahesabu manyoya ya kichwani. Lenzi hiyo hiyo ukiihamishia kwenye fulu fremu yake, anapata 430 hivi. Yaani hata angekuwa na lenzi, bado kamera aliyoambiwa ni ya wanafunzi ingempa ndege mkubwa zaidi.

Na wale mnaosema kropu "inaongeza" lenzi ya 400 iwe 600, na nyinyi mnapotosha. Lenzi ya 400 ni 400, haiongezeki kitu. Sensa ndogo inachukua sehemu ya katikati tu ya kile ambacho lenzi inakiona. Faida inakuja pale pikseli zinapokuwa zimesongamana katika sehemu hiyo. Ndiyo maana fulu fremu yenye pikseli nyingi sana haina shida hii: Nikon D850 ya mwaka 2017 ina megapikseli 45.7, ukiikata kufikia ukubwa wa kropu unabaki na 19 hivi, karibu sawa na D500 ya mwaka 2016 yenye 20.9. Lakini D850 ilitoka kwa dola 3,300 na D500 kwa dola 2,000, zote mbili bila lenzi. Tofauti hiyo ni pesa ya lenzi! Ukiikata hivyo ile ya megapikseli 24, unabaki na 10.

Najua mtakuja na hoja ya chenga, zile punje punje zinazochafua picha mwanga ukiwa hafifu. Sawa, fulu fremu ina eneo la mara mbili na zaidi ya kropu, inakusanya mwanga mwingi, picha ya jioni inakuwa safi. Silipingi hilo. Lakini faida hiyo unaipata ukiweza kuijaza fremu, yaani ndege achukue picha nzima. Ndege akiwa mbali ukaikata picha mpaka ibaki kipande kidogo, mwanga wa ziada uliokuwa umeupata umeutupa pamoja na kingo, na chenga zinarudi. Mahali ambapo mimi mwenyewe ningechukua fulu fremu ni ndani ya msitu wa Arabuko-Sokoke. Mle kuna giza hata saa nne asubuhi, na yule sange mwenye kiuno cha dhahabu, mnyama mdogo mwenye pua ndefu, anaweza kukukatizia njia mita chache tu mbele ya miguu. Hapo ijaze fremu, ufurahie sensa kubwa.

Mida si msitu. Bamvua maji yanapotoka, ndege wako kule mbali kwenye matope, wala huwezi kuwafuata, utazama mpaka magotini. Unasubiri maji yajae yawasukume kidogo kidogo upande wako, na hata wakifika bado unahitaji lenzi ndefu. Zaidi ya hapo ikishapita saa nne hewa juu ya matope inachezacheza kwa joto, na hakuna sensa ya bei yoyote itakayokusaidia. Muuzaji anayekaa kwenye kiyoyozi hayajui haya na wala hakuuliza. Hilo ndilo linaloniuma. Kijana amesema anapiga nini, anapiga wapi, ana pesa kiasi gani, na bado akapewa kile ambacho duka lilitaka kiondoke.

Kuna hizi lenzi za 150 hadi 600 za Sigma na Tamron, zile za kilo 2 hivi, unashika kwa mkono ndani ya mtumbwi. Kropu iliyotumika pamoja na moja ya hizo, nayo imetumika, angekuwa kazini sasa hivi. Lenzi ya 600 ya f/4 (yenye tundu kubwa la mwanga), ile mnayoipigia debe kila siku, ina kilo 3 hadi 4 na inauzwa zaidi ya dola 10,000. Nani Malindi analipa hiyo kwa kutembeza wageni?

Duka limekataa kurudisha, wanasema boksi limefunguliwa. Ndege wahamiaji wanaanza kuingia Agosti na Septemba, na chama kinadai kila mwezi.

Kwa hiyo aliye na kropu ya megapikseli 20 kwenda juu na lenzi inayofika 400 au zaidi, na yuko tayari kubadilishana na fulu fremu hii ambayo haijapiga kitu, aseme hapa, tukutane Malindi au Watamu aijaribu kwanza. Na wewe unayetaka kuandika "fulu fremu ni fulu fremu", andika kwanza mdiria wako ulimpiga kwa lenzi gani na akiwa mita ngapi.