Herbert Chapman wa Arsenal alichezea timu ngapi kabla ya ukocha?

Chikongola Boy:
Wakuu habari za jioni, naomba msaada kwa wanaojua historia ya mpira. Juzi kijiweni hapa Mtwara, karibu na uwanja wa Nangwanda, wazee walikuwa wanamsema dogo mmoja straika, kila msimu jezi mpya, leo Masasi kesho Lindi keshokutwa Tunduru, eti hana msimamo, zamani mchezaji alikuwa anafia timu yake. Mi Gunners wa damu, yaani shabiki wa Arsenal, nikakumbuka kusikia Chapman, yule kocha aliyetupa ubingwa wa kwanza wa ligi, naye alikuwa wa kuhamahama tu. Ni kweli? Na walikuwa wanafuata hela?

Mzee wa Mikindani:
Kweli kabisa mwanangu. Mtoto wa mchimba makaa ya mawe, kazaliwa 1878, kapita Stalybridge Rovers, Rochdale, Grimsby, Swindon, Sheppey United, Worksop, Northampton, Sheffield United, Notts County, Tottenham, halafu 1907 akarudi Northampton kama mchezaji na kocha humohumo. Uchezaji wake ulikuwa wa kawaida, staa wa familia alikuwa mdogo wake Harry aliyebeba ubingwa wa England 1903 na 1904 pale Sheffield Wednesday. Huyu kaka mtu Spurs, yaani Tottenham, wanamkumbuka kwa viatu vya njano.

Hela ipi sasa? Kuanzia 1901 sheria ilisema mchezaji asizidi paundi 4 kwa wiki, uwe fundi uwe garasa. Chapman alisomea uhandisi wa migodi, mpira ukigoma ana pa kushika.

Kipa Ligula:
Naongezea hapo kwenye sheria maana ndo penye uchungu. Mkataba ulikuwa wa msimu mmoja, ukiisha klabu ikitaka inakushikilia jina lako, hata kama haikulipi huruhusiwi kucheza timu nyingine ya Football League, ligi kubwa ya England, mpaka wao wakubali kukuuza. Ndo maana wengi walikimbilia Southern League, ligi nyingine ya kusini mwa England, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa nje ya huo mtego, Swindon, Spurs na Northampton zote zilikuwa huko. Kwa hiyo wazee wanaposema zamani walifia timu, wengi walikuwa wamefungwa kamba, ndugu yangu hata mbuzi aliyefungwa huwezi kumsifia kwa kutulia!

Mama Shangani:
Mimi nimpendaye ni Chapman kocha. Northampton kaipa ubingwa wa Southern League 1909, na 1911 akamchukua Walter Tull, kijana mweusi ambaye Spurs walimweka pembeni baada ya mashabiki kumtukana rangi yake. Akacheza mechi zaidi ya 100. Mtu aliyezunguka sana anajua mchezaji aliyeachwa anajisikiaje. Halafu ndo ukaja ubingwa wa England, Huddersfield 1924 na 1925, Arsenal 1931 na 1933.

Chikongola Boy:
Asanteni sana, mama na wakuu wangu. Kumbe huyo dogo naye timu yake moja ilimkalia na barua yake ya kuondoka msimu mzima na mshahara hawampi, watu wanaona kuhama tu.

Kipa Ligula:
Mwambie asisaini popote bila kubaki na nakala ya mkataba, na barua aombe kwa maandishi dirisha la usajili likiwa bado wazi. Maneno ya mdomo ya viongozi asiyategemee kabisa.